Jiwe Lililosema Nyanya Hakuzaliwa

Nyanya yangu alizaliwa. Naanza na hilo kwa sababu kuna mtu amechongesha kwenye jiwe kwamba hakuzaliwa, na jiwe lenyewe limesimamishwa katika makaburi ya kanisa moja la Kiprotestanti huko mashambani Ireland, ambako ng'ombe hulichungulia kutoka upande wa pili wa ukuta. Nimeliona kwa macho yangu na nimelishika kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, maana fleti yetu ya Edmonton, hapa London, ni ndogo na binti yangu yuko kwenye mitihani.

Nyanya alizaliwa Taita, kwenye shamba la mkonge, miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia. Mama yake alikuwa mpishi katika nyumba ya msimamizi wa shamba. Baba yake ndiye aliyekuwa huyo msimamizi, Mzungu wa Ireland, Mprotestanti aliyelelewa na kitabu cha sala. Hawakufunga ndoa, na sitaki kupamba yaliyokuwa kati ya bwana na mpishi wake katika nchi iliyotawaliwa. Sikuwapo, na mpishi hakuulizwa na yeyote kati ya wale waliokuwa na kalamu. Lakini mtoto hakufichwa. Nyanya alitusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimpakata barazani akimfundisha zaburi, na jinsi siku moja, mama yake akiwa na homa, Mzungu yule alivyojaribu kumsuka nywele mwenyewe. Kambi nzima ya wafanyakazi ikacheka. Nyanya alipofika umri wa miaka saba, baba yake aliugua, akapelekwa kwao kutibiwa. Ilikuja barua moja. Baada ya hapo, kimya.

Alichoacha ni Biblia. Kwa desturi ya watu wao, kwenye kurasa za mwanzo ukoo umeandikwa kwa wino: nani alizaliwa na nani, siku gani, akabatizwa katika parishi gani, akafa lini. Mwandiko unabadilika kila kizazi. Mstari wa mwisho ni mwandiko wake yeye, na jina aliloliandika ni la nyanya yangu, la Kikristo na la Kitaita, na mbele yake neno moja la Kiingereza lenye maana ya binti. Hakuandika mtoto wa mpishi. Aliandika binti.

Binti huyo alikua akiitwa chotara kisimani, na akiitwa hivyo na watu waliokuwa wakimjua jina. Aliolewa na mwalimu wa shule ya msingi, akazaa watoto saba, wa tatu wao akiwa mama yangu. Sikuwahi kumsikia akimlaumu baba yake. Siku moja tu, tukichambua kunde, alisema, "Hata awe alikuwa mtu wa namna gani, ana kaburi mahali. Mtu akifa lazima awe mahali." Kisha akaniambia nisichanganye mbovu na nzima.

Nilipokuja London kufanya kazi ya kuhudumia wazee, mama alinipa ile Biblia. "Kaa nayo wewe," alisema. "Wewe utakuwa karibu nao." Mama alidhani London na Ireland ni kama Voi na Mwatate, unapanda gari asubuhi na saa sita umerudi. Niliifunga kwa kitambaa, nikaiweka juu ya kabati, na ilikaa huko miaka kumi na miwili. Nilikuwa na shifti za kufanya na mtoto wa kulea.

Mtoto ndiye aliyeishusha. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na shuleni walikuwa wameambiwa wachore ukoo wao. Alichora, akapaka rangi, akaweka Ireland kwenye kona ya juu. Siku ya pili alirudi nyumbani ameufuta ule upande wote.

"Mwalimu amesema nini?" nilimuuliza.

Yeye hunielewa Kiswahili changu chote lakini hunijibu kwa Kiingereza. Alisema mwalimu hakuwa mkali. Alimwambia tu kwa upole kwamba pengine ni afadhali abaki na matawi anayoweza kuyathibitisha.

"Na wenzako? Wamethibitisha ya kwao?"

Hakuna aliyedaiwa ushahidi. Mwenzake mmoja alikuwa amesema babu wa babu yake alikuwa nahodha wa meli ya mfalme, na darasa lilimpigia makofi. Nilipanda juu ya kiti jioni ile ile nikaishusha Biblia.

Kwanza nilikwenda kwenye mkutano wa chama cha watu wanaotafuta mababu, katika ukumbi wa kanisa moja kaskazini mwa London, Jumamosi niliyokuwa na mapumziko. Kulikuwa na meza za ramani, chai, na wazee wengi wenye fimbo. Mama mmoja mwenye beji alinijia akitabasamu. Aliniuliza, "Mgonjwa wako yuko chooni? Anaweza kukaa hapa, karibu na dirisha."

Nilimwambia sina mgonjwa leo. Nimekuja kutafuta mababu zangu, Waprotestanti wa Ireland.

"Ah," alisema, akatazama huku na huku kana kwamba mgonjwa angetokea tu. "Unamtafutia nani?"

"Najitafutia mimi."

Kwa haki yake, alinielekeza. Alinieleza kwamba vitabu vingi vya makanisa ya Kiprotestanti vya Ireland viliungua Dublin wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, lakini kuna parishi ambazo hazikuvipeleka, zikavihifadhi zenyewe kwenye makabati yao. Akanionyesha pia mtandao ambako watu huweka miti ya koo zao. Nilimshukuru. Lakini nilirudi nyumbani kwa basi nikiwa na hasira, kwa sababu muda wote alipokuwa akinieleza alinisemesha polepole, kama ninavyoambiwa niwasemeshe wale wazee wangu waliopoteza kumbukumbu.

Katika mtandao ule nilimpata mtu. Mzee mmoja mstaafu, anaishi hapa hapa London, kusini mwa mto, mbele kidogo ya Woolwich. Mti wake wa ukoo ulikuwa na majina yale yale yaliyo kwenye Biblia yangu, kwa mpangilio ule ule, isipokuwa mstari wa mwisho haukuwapo. Kaka wa baba yake nyanya alikuwa babu wa mzee huyu. Kwa hesabu ya kwetu jambo hili halina utata: yeye na mama yangu ni ndugu, kwa hiyo yeye ni mjomba wangu. Na mjomba, kwetu, hata umchukie namna gani, ndiye anayesimama siku ya mahari na siku ya msiba.

Nikamwandikia kwa barua pepe. Jina langu la ubatizo ni la Kiingereza, na sikuweka picha. Sikukusudia kumdanganya. Jambo la ukoo kwetu halimalizwi kwenye barua, watu huketi wakaangaliana. Niliuliza tu kuhusu parishi na makaburi, nikamwambia nadhani tuna damu moja. Alijibu siku hiyo hiyo. Akaniita binamu mpendwa. Akaniandikia kurasa na kurasa juu ya watu wake, wafugaji wa ng'ombe, wazee wa kanisa vizazi vinne, na kitabu cha ukoo alichokiandika na kukichapisha mwenyewe. Kwa wiki tatu nilikuwa na mjomba London. Nilimwambia mama kwenye simu, naye akapiga kigelegele mle jikoni kwake hadi jirani akauliza nani kaolewa.

Tulipanga kukutana kwenye mkahawa ulio ndani ya duka la miche ya bustani. Nilikwenda na treni mpaka Woolwich, nikapita sokoni nikanunua mahamri kwa mama mmoja wa Mombasa, kwa sababu huendi kwa mjomba mikono mitupu, kisha nikapanda basi. Nilimtambua kwa picha ya kitabuni. Alikuwa ameketi, shati limepigwa pasi, kitabu mezani. Nilipokaribia alisimama kwa adabu, akatazama nyuma yangu.

"Samahani," alisema, "kuna mtu namngojea."

"Ni mimi," nikasema, na nikataja jina langu.

Alikaa. Nilikaa. Nikaweka mahamri mezani, na hakuyauliza ni nini. Niliona ningoje nini tena, nikafungua kitambaa nikamsogezea Biblia.

Hapo nilimwona mtu akifurahi kwa kweli. "Tulijua imepotea," alisema. "Baba yangu aliitafuta mpaka anakufa." Akafunua ukurasa wa mwanzo, akaanza kufuata mistari kwa kidole, midomo ikitaja majina, na kila jina alilijua. Kidole kikashuka, kikashuka, kikafika mstari wa mwisho. Kikasimama. Kisha akaifunga Biblia taratibu.

"Huu mwandiko si wake," alisema.

"Na mstari ulio juu yake, ule wa kifo cha baba yake mwenyewe? Ni mwandiko wa nani?"

Hakufungua kuangalia.

"Lazima uelewe," alisema, "zama zile watumishi walikuwa na tabia ya kujiandikisha kwenye majina ya mabwana zao."

"Nyanya yangu alikuwa na siku tisa lilipoandikwa hilo jina. Tarehe iko hapo. Alishika kalamu vipi?"

Alipangusa miwani. Watu wa meza ya pili walikuwa wakibishana kuhusu mbolea ya waridi. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa kazini inabidi niweke chini nilichoshika.

"Nikuambie mapema ili usipoteze muda wako. Ile ardhi iliuzwa zamani. Hakuna kilichobaki."

Nilikuwa nimemletea mahamri, yeye alidhani nimekuja kudai shamba.

"Sikuja kwa ardhi," nilimwambia. "Nataka kujua kaburi lake liko wapi. Mtoto wake aliuliza hilo maisha yake yote."

"Hayo ni mambo ya faragha ya familia."

"Mimi ni nani?"

Aliweka kiganja chake juu ya Biblia, na akasema kwa sauti laini kabisa, sauti ya mtu anayetoa msaada, "Ungekubali kuiacha kwangu? Ingekuwa vizuri ikae katika familia."

"Tayari imekaa katika familia," nikasema, nikaivuta kutoka chini ya mkono wake. Sikuivuta kwa heshima. Kikombe chake kilimwagika. Niliacha mahamri pale pale, na najuta kuyaacha.

Nilimwambia binti yangu yote usiku huo? Hapana. Nilimwambia mjomba alikuwa na mafua. Ukweli nilimwambia baada ya siku nne, kwa sababu aliuona uso wangu. Alikwenda chumbani, akarudi na kompyuta yake, akaandika jina la parishi kama lilivyo kwenye Biblia. Dakika tano hazikupita akanionyesha kwenye ramani kanisa dogo la mawe katikati ya mashamba.

"Hatuhitaji atuambie," alisema. "Walituandikia."

Tulikwenda wakati wa likizo yake fupi ya shule. Ndege, halafu basi refu, halafu teksi ya mzee mmoja Mkatoliki aliyetuuliza mara tatu kama tuna hakika ni kanisa lile tunalolitaka. Alisema hufunguliwa mara mbili kwa mwaka tu, Waprotestanti wa kule wamebaki wa kuhesabika kwa vidole. Langoni palikuwa na karatasi ndani ya plastiki: ufunguo upo nyumba ya pili, ya rangi ya kijani.

Mwenye ufunguo alikuwa mfugaji wa miaka themanini hivi, amevaa buti za mpira zenye matope hadi magotini. Alisikiliza jina la ukoo nililolitaja. Aliniangalia, akamwangalia binti yangu, hakuangalia nyuma yetu.

"Wa yule aliyekwenda Afrika?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ingieni mnywe chai kwanza. Hajaondoka pale miaka yote hii, hatakwenda popote leo."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya basi. Badala yake nilijikuta nakata mkate jikoni kwa mtu, na binti yangu anapewa soksi kavu.

Kaburi lilikuwa upande wa ukuta, karibu na majani yawashayo. Makaburi mengine ya pale yalikuwa na mawe ya zamani yaliyoota kuvu, mengine yamelala. Lake lilikuwa na jiwe jeusi jipya, linalong'aa kama meza ya benki, na herufi za dhahabu. Jina lake, jina la baba yake na la mama yake. Chini, mstari mmoja: alirudi kutoka Afrika, hakuoa wala hakuacha mtoto.

Binti yangu aliusoma kwa sauti. Alipomaliza aliniangalia, na nilishindwa kumwangalia.

"Nani aliandika hivi?" nikamuuliza mzee.

"Mjukuu wa kaka yake, yule wa London. Alikuja na lori na mafundi, kiangazi kimoja si zamani."

"Na kabla?"

Alitupeleka nyuma ya kanisa. Jiwe la zamani lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma ya mitungi miwili ya mafuta ya mashine ya kukata majani. Akaisogeza, akafuta kwa mkono wa koti. Herufi zilikuwa zimelika lakini zilisomeka. Jina, miaka, na maneno kwamba alipendwa na waliomjua, hapa na ng'ambo. Basi. Hakukuwa na neno lolote juu ya mtoto, kwamba yuko au hayuko.

"Nimekata majani hapa tangu nikiwa kijana," mzee alisema. "Ule mstari haukuwepo. Nilishangaa wakati ule. Nilijiuliza mtu anaandika hivyo kwa nini, kama hakuna aliyeuliza."

"Ulijua si kweli?"

Alikung'uta mkono wa koti. "Mama yangu alikuwa akisema kulikuwa na mtoto."

"Na wewe ulikata majani."

"Ndiyo," alisema. "Nilikata majani."

Sikumhurumia, lakini nilimheshimu kwa hilo jibu.

Baadaye alifungua chumba cha nyuma ambamo mchungaji huvalia kanzu. Kulikuwa na kabati la chuma, na ndani yake vitabu vya parishi ile, ambavyo mchungaji mmoja mbishi alikataa kuvipeleka Dublin, vikaokoka moto. Hatukuwa tukitafuta ubatizo, nyanya alibatizwa Taita. Mzee ndiye aliyetoa daftari lenye jalada la kitambaa, la shule ya Jumapili. Mama mzazi wa yule msimamizi, yaani bibi yake nyanya yangu, alikuwa mwalimu wa shule hiyo miaka mingi. Mwishoni mwa daftari kulikuwa na orodha ya watoto wa parishi walio ng'ambo, wa kutajwa kwenye maombi. Wawili Kanada. Mmoja Australia. Na wa nne, kwa mwandiko wa kikongwe, jina la nyanya yangu, la Kikristo na la Kitaita, limekosewa herufi moja, na mbele yake: Afrika, mjukuu.

Mwaka uliofuata, orodha mpya, na yumo. Na uliofuata. Yumo hadi mwandiko ule unapokoma.

Binti yangu alianza kulia. Mzee alitoka nje kutuachia nafasi. Mimi sikulia. Watu niliowasimulia baadaye huniambia lazima nilifarijika, kwamba ni jambo zuri kama nini, bibi akimwombea mjukuu asiyemjua. Sikufarijika. Walijua! Msichana akiitwa chotara kisimani, akibeba maji huku anatafuta uso wa baba yake kwenye kila lori la shamba, kulikuwa na kanisa zima lililolijua jina lake na kulitaja kila Jumapili mbele za Mungu, na hakuna hata mmoja aliyenunua stempu. Barua ingefika. Barua zilikuwa zikifika. Ile ya kwanza ilifika.

"Kwa nini hawakuandika?" nilimuuliza mzee nje, pale langoni.

"Tulikuwa wachache," alisema. "Watu wachache huishi wakiangaliana. Aibu ya mmoja ilikuwa ya wote."

"Alikuwa mtoto. Hakuwa aibu."

"Najua," alisema. "Nakueleza tu walivyofikiri. Sisemi walifikiri sawa."

Tulipiga picha kila ukurasa na mawe yote mawili. Tuliporudi Edmonton nilimtumia mjomba picha hizo, bila matusi, nikamwomba jambo moja: aufute ule mstari. Kukubali undugu ni juu yake. Uongo kwenye kaburi si haki yake. Alijibu baada ya wiki tatu. Mistari miwili, hakuna tena binamu mpendwa. Picha hizo hazithibitishi kitu kisheria, na angeomba nisimwandikie tena.

Nilimpigia mama. Nilikuwa nimeahirisha kwa sababu ya kile kigelegele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wamesema mama yangu hakuwapo," alisema.

"Wamesema hivyo."

"Na mimi nimetoka wapi? Kwenye mkonge?"

Akacheka, kisha kicheko kikakatika. Nilisikia akivuta kiti. "Wewe nawe," akaniambia, na sasa hasira ilikuwa kwangu, "nani alikutuma ukaombe ukoo kama mtu anayeomba chumvi? Tulikuwa na upungufu gani?"

"Nyanya alitaka kujua kaburi."

"Alitaka kujua kaburi. Umeliona? Basi. Hao wengine waache na jiwe lao."

Tuligombana. Siku mbili hatukusemezana, mimi na mama yangu, kwa ajili ya jiwe la mzee wa kule mbele ya Woolwich. Hilo nalo namdai. Siku ya tatu alinitumia ujumbe mfupi wa sauti. Alisema amefikiri. Alisema nisiache.

Mwenye ufunguo hakuacha pia. Alilipeleka jambo mbele ya baraza la kanisa, watu watano wote wamezeeka. Walijibu kwa barua ya karatasi kwamba hawana mamlaka ya kugusa jiwe la familia bila idhini ya familia, na familia katika vitabu vyao ni yule yule mjomba. Niliisoma nikiwa kwenye basi la kwenda kazini, nikasema kwa sauti, "Na mimi ni nani?" Mtu wa kiti cha mbele akageuka. Lakini ukurasa wa pili ulisema kwamba jiwe la zamani ni mali ya kanisa, na watalisimamisha upya mahali pake, mbele ya lile jipya. Pia kwenye ibada ya mavuno husomwa majina ya marehemu wa parishi, na wangependa kusoma na jina la nyanya. Je, tungefika?

Tulifika. Kanisa lilinukia matufaha na nta, kuna maboga madirishani, watu thelathini labda, wengine Wakatoliki wa jirani waliokuja kujaza viti. Mjomba alikuwa benchi la mbele na mkewe. Hakugeuka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Mchungaji mwanamke alisoma majina. Alipofika kwa nyanya alilisoma la Kikristo vizuri, na la Kitaita akalijaribu kwa uangalifu, akaongeza: binti wa fulani, mjukuu wa parishi hii. Mjomba alisimama. Alichukua kofia yake, akatembea kati ya viti, akatoka, na mlango ule mzito ukagonga nyuma yake. Mchungaji akasoma jina lililofuata.

Mkewe hakutoka. Alibaki mpaka wimbo wa mwisho, mgongo umenyooka. Tulipotoka alinifuata pale kwenye kaburi, ambapo jiwe la zamani sasa linasimama mbele na kulifunika lile jeusi nusu, lakini haliufuniki ule mstari. Ule mstari unaonekana vizuri kabisa pembeni. Mjomba hajaufuta. Na sijasamehe.

"Lile jina," mkewe aliniambia. "Linatamkwaje?"

Nilitaka kumwambia amuulize mumewe. Niliona binti yangu ananitazama. Nikalitamka.

Alirudia, akakosea. Nikalitamka tena, na akakosea tena. Barabarani mjomba alikuwa tayari ndani ya gari, injini inaunguruma, na akapiga honi mara moja, fupi. Mwanamke yule hakugeuza kichwa.

"Polepole," aliniambia. "Mara moja zaidi."

Binti yangu ndiye aliyelitamka safari hii, silabi kwa silabi, na yule mama akamfuata kwa midomo yake, huku honi ikilia mara ya pili.